Beryl Markham na mwalimu aliyemwachia akosee

Jina la Beryl Markham hutajwa zaidi kwa sababu ya safari moja. Mnamo Septemba 1936 aliivuka Bahari ya Atlantiki peke yake, kutoka Uingereza hadi Kanada, akipambana na upepo wa mbele kwa zaidi ya saa 20. Hakuna mwanamke aliyekuwa amefanya hivyo kabla yake. Hata hivyo, kilichomfikisha ng'ambo ya bahari alikipata miaka mitano nyuma yake, mjini Nairobi, kwa mwalimu aliyeamini kwamba mwanafunzi asiyeachiwa nafasi ya kukosea hawezi kuwa rubani.

Mwalimu huyo aliitwa Tom Campbell Black. Maisha ya wawili hao yalianzia nchini Kenya, yakafika hadi machimbo ya dhahabu ya Tanganyika na ng'ambo ya Atlantiki, na katika mwezi ule ule ambao mwanafunzi alipata umaarufu, mwalimu alifariki dunia.

Mtoto wa Njoro

Beryl Clutterbuck alizaliwa tarehe 26 Oktoba 1902 katika kijiji cha Ashwell, Uingereza. Alikuwa na umri wa takriban miaka minne familia yake ilipohamia katika himaya ya Waingereza ya Afrika Mashariki, nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Baba yake, Charles Clutterbuck, alianzisha shamba Njoro, ukingoni mwa Bonde la Ufa, akajenga vinu vya kusagia nafaka na kufuga farasi wa mashindano. Mama yake hakustahimili maisha hayo. Alirejea Uingereza pamoja na mtoto wa kiume, na Beryl akabaki na baba.

Aliyemlea kwa sehemu kubwa ni mazingira ya shamba lenyewe. Alicheza na kuwinda pamoja na watoto wa jamii ambazo leo huitwa Wakalenjin, akajifunza kurusha mkuki, na akakizungumza Kiswahili na lugha za majirani zake tangu utotoni. Rafiki yake wa karibu zaidi alikuwa mvulana aliyeitwa Kibii, ambaye baada ya kutahiriwa aliitwa arap Ruta. Urafiki huo haukukatika, lakini kadiri walivyokua, mfumo wa kikoloni uliugeuza sura. Beryl alikuwa bwana wa kazi, na arap Ruta akawa mtumishi wake.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia mambo yaliharibika. Clutterbuck alikuwa ametia saini mikataba ya kuuza unga kwa bei iliyokwisha kupangwa. Mvua zikakosekana, bei ya nafaka ikapanda, naye akalazimika kununua kwa bei ya juu na kuuza kwa bei ya chini. Shamba likapotea. Baba akaondoka kwenda Peru kutafuta riziki, na binti yake, ambaye hakuwa amefika miaka 20, akabaki Kenya. Alipata leseni ya kufundisha farasi wa mashindano, kazi iliyokuwa ya wanaume watupu, na farasi wake wakaanza kushinda mbio.

Katika miaka hiyo aliolewa mara mbili. Ndoa ya kwanza, na mkulima Jock Purves, ilivunjika. Ya pili, mwaka 1927, ilikuwa na Mansfield Markham, Mwingereza wa ukoo wenye mali, ambaye jina lake Beryl alilibeba hadi kufa. Walizaa mtoto wa kiume mwaka 1929, lakini ndoa hiyo nayo haikudumu, na mtoto akalelewa Uingereza upande wa baba yake. Alipokaribia umri wa miaka 30, Beryl Markham alikuwa Nairobi bila shamba na bila mume, akitafuta jambo la kufanya na maisha yake.

Rubani wa vita

Tom Campbell Black alizaliwa Uingereza mwaka 1899. Kwa miaka alimzidi Beryl kidogo tu, lakini kwa uzoefu walikuwa mbali kama mbingu na ardhi. Alikuwa rubani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wakati ambapo vijana wengi waliorushwa angani baada ya mafunzo ya haraka hawakurudi. Baada ya vita alikuja Kenya kulima, kisha akarudi kwenye ndege.

Mwaka 1929 alishirikiana na Florence Kerr Wilson, mjane aliyekuwa na mtaji na imani kwamba usafiri wa anga ungefaa Afrika Mashariki, kuanzisha kampuni ya Wilson Airways. Uwanja wa ndege wa Wilson jijini Nairobi hadi leo unabeba jina la mwanamke huyo. Campbell Black alikuwa rubani mkuu wa kampuni. Alifungua njia mahali ambapo hapakuwa na viwanja, vituo vya mafuta wala ramani za kuaminika. Mwaka 1931, Ernst Udet, rubani mashuhuri wa Ujerumani, alipokwama katika nyika ya Sudan kando ya Mto Nile, aliyemtafuta hadi akampata ni Campbell Black.

Katika kumbukumbu alizochapisha mwaka 1942, Beryl Markham anasimulia kwamba walikutana barabarani huko Molo, yeye akiwa juu ya farasi na mwanamume huyo akihangaika na gari lililoharibika. Mazungumzo yao yakaelekea kwenye ndege. Jambo moja ni la hakika: alipoamua kujifunza urubani, Campbell Black ndiye aliyemfundisha.

Darasa la mbao na kitambaa

Ndege ya mafunzo ilikuwa Gipsy Moth, yenye mabawa mawili yaliyopangwa moja juu ya jingine, kiunzi cha mbao na ngozi ya kitambaa. Ilikuwa na viti viwili vilivyo wazi, kimoja nyuma ya kingine, na kila kiti kilikuwa na usukani wake. Alichofanya mwanafunzi mwalimu alikihisi mkononi mwake, na alichofanya mwalimu mwanafunzi alikihisi pia. Hapakuwa na redio. Injini ilinguruma na upepo ukavuma masikioni, kwa hiyo maneno yalikuwa machache.

Masomo yalifanyika alfajiri. Nairobi iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko pwani. Jua linapoichoma nchi, hewa huzidi kuwa nyepesi, injini hupoteza nguvu, mabawa hupata hewa kidogo ya kuegemea, na mikondo ya joto huitikisa ndege ndogo. Saa za mwanzo za siku, wakati anga ya Athi ingali tulivu, zilimfaa mwanafunzi.

Somo lililobaki kichwani mwa Beryl kuliko mengine yote halikuwa la maneno. Kwa mujibu wa simulizi yake, siku moja alikuwa akiongoza ndege kuelekea milima ya Ngong. Upepo unapoupanda mlima upande mmoja, hushuka upande wa pili kama maji ya maporomoko, na ndege iliyo chini mno huvutwa nao. Alijikuta katika mkondo huo. Ndege ilishuka, milima ikazidi kukua mbele yake, na kila alichojaribu hakikufaa kitu. Campbell Black alikuwa akiyaona hayo yote, na usukani wake ulikuwa mbele yake. Hakuugusa. Alingoja hadi ilipobaki nafasi ndogo tu ya kujiokoa, ndipo akashika, akaigeuza ndege na kuitoa katika hatari.

Maelezo aliyoyatoa baadaye yalikuwa mafupi. Angeweza kumwonya mapema, lakini hakutaka kumnyang'anya haki yake ya kukosea.

Namna hiyo ya kufundisha haikuwa uzembe, na wala haikuwa ukatili. Mwalimu anayeshika usukani mapema hufundisha jambo moja tu: kwamba yupo mtu wa kuushika. Siku mwanafunzi atakaporuka peke yake, mtu huyo hatakuwapo. Lakini kungoja kunahitaji ustadi mkubwa kuliko kuingilia, kwa sababu anayengoja lazima ajue kwa hakika ni sekunde ipi ambayo baada yake hakuna tena wokovu. Mwalimu mchanga asingethubutu. Campbell Black aliweza kumwachia Beryl akosee kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameruka vya kutosha kuyajua makosa yote yanakoishia.

Kifo cha Voi

Tarehe 14 Mei 1931, mafunzo yakiwa yanaendelea, ajali ilitokea Voi. Denys Finch Hatton, mwindaji na mtoto wa ukoo wa kifahari wa Uingereza, aliyekuwa karibu sana na Beryl Markham, alianguka na ndege yake ya Gipsy Moth muda mfupi baada ya kupaa. Alikufa papo hapo pamoja na mtumishi wake Mkikuyu, Kamau. Finch Hatton alizikwa katika milima ile ile ya Ngong.

Beryl ameandika kwamba alikuwa amealikwa katika safari hiyo, ambayo lengo lake lilikuwa kujaribu kuwatafuta tembo kwa ndege, na kwamba Campbell Black alimsihi asiende. Mwalimu aliyeweza kunyamaza mbele ya mlima hakunyamaza safari hii. Alijua tofauti kati ya kosa ambalo yeye yupo kulirekebisha na hatari ambayo hana mkono ndani yake.

Mwanafunzi hakuacha. Julai mwaka huo huo alipata leseni ya kuruka peke yake. Aprili 1932 alifunga safari ya kwenda Uingereza katika ndege yake ndogo aina ya Avro Avian, bila msaidizi, akifuata Mto Nile kupitia Sudan na Misri. Septemba 1933 alifaulu mtihani wa leseni ya biashara, iliyomruhusu kubeba abiria na mizigo kwa malipo. Akawa mwanamke wa kwanza nchini Kenya kuipata.

Usiku wa Nungwe

Kazi aliyoifanya baada ya hapo haikuwa ya kifahari. Alibeba barua, abiria na vifaa, na aliwatafutia wawindaji makundi ya tembo kutoka angani, akifanya kazi na Bror Blixen, mwindaji wa Uswidi. Arap Ruta, aliyekuwa amewatunza farasi wake, sasa aliitunza ndege. Aliisafisha, aliijaza mafuta na kuisubiri irudi. Katika koloni la wakati ule, mvulana aliyekimbia porini pamoja na Beryl hakuwa na njia ya kuketi kwenye kiti cha mwanafunzi wa urubani. Haki ya kukosea angani ilikuwa ya wachache.

Safari moja ya miaka hiyo iliishia Tanganyika. Juni 1935 aliitwa kupeleka mtungi wa oksijeni katika machimbo ya dhahabu ya Nungwe, kusini mwa Ziwa Victoria, ambako mgonjwa alikuwa mahututi. Aliondoka Nairobi usiku, akaruka saa tatu na dakika 40 bila redio wala taa za njiani. Chini yake palikuwa na giza tupu, na alichokuwa nacho ni dira, saa na hesabu zake. Katika giza la namna hiyo mwili hudanganya: rubani huhisi kuwa ameinama ilhali yuko sawa, au huhisi kuwa yuko sawa ilhali anazunguka. Kinachomwokoa ni kuviamini vifaa vilivyo mbele yake kuliko hisia zake, na nidhamu hiyo hujengwa darasani.

Alipokuwa akirudi aliitafuta na kuipata, katika nyika ya Serengeti, ndege ya rubani mwenzake aliyekuwa ametua kwa dharura na kukwama huko, akamchukua. Alichokifanya Campbell Black kwa Udet nchini Sudan, mwanafunzi wake alikifanya Serengeti.

Mwalimu mwenyewe alikuwa amekwisha kuondoka Kenya mwaka 1932. Oktoba 1934 dunia nzima ililisikia jina lake. Yeye na Charles Scott waliyashinda mashindano ya ndege kutoka Uingereza hadi Melbourne, Australia, wakifika kwa saa 71, safari ambayo kwa meli ilichukua wiki kadhaa.

Atlantiki

Mwaka 1936 John Carberry, mlowezi tajiri wa Kenya, alimpa Beryl Markham ndege mpya aina ya Percival Vega Gull ili aivuke Atlantiki, kwa sharti kwamba ingerudi kwa wakati kushiriki mashindano ya Portsmouth hadi Johannesburg mwishoni mwa Septemba. Marubani kadhaa walikuwa wameivuka bahari hiyo kutoka Amerika kuja Ulaya, wakisukumwa na upepo. Kutoka Ulaya kwenda Amerika upepo huwa adui. Jim Mollison alikuwa amefaulu peke yake mwaka 1932, lakini aliondokea Ireland, ambako bahari ni fupi zaidi.

Beryl aliondoka Abingdon, Uingereza, jioni ya tarehe 4 Septemba. Ndani ya ndege, mahali pa abiria, palijaa matangi ya mafuta. Hapakuwa na redio. Matangi hayo hayakuwa na vipimo vya kuonyesha kiasi kilichobaki. Maelekezo yalikuwa kulitumia tangi moja hadi likauke, injini izimike, kisha rubani afungue bomba la tangi jingine na kungoja injini iwake tena.

Usiku, juu ya bahari na katika mvua, injini ilizimika. Alifungua bomba, na ndege ikaendelea kushuka katika ukimya. Kutoka kimo cha takriban mita 600 ilishuka hadi chini ya mita 100 kabla injini haijanguruma tena. Ilikuwa milima ya Ngong kwa mara ya pili, na safari hii hapakuwa na mkono mwingine kwenye usukani. Asiyewahi kuzoea kushuka huku akifikiri angeivuta pua ya ndege juu kwa hofu, akapoteza mwendo na kuzama. Yeye aliishikilia mwendo wake na kungoja.

Asubuhi, ufuo wa Kanada ulipokwisha kuonekana, injini ilianza kukatakata. Barafu ilikuwa imeziba tundu la hewa la tangi la mwisho, na mafuta hayakufika ipasavyo. New York, alikokusudia kwenda, ilikuwa bado mbali. Alitafuta mahali pa kutua, akaishusha ndege katika kinamasi huko Baleine, kisiwa cha Cape Breton. Magurudumu yalizama, pua ikajichimbia ardhini, naye akajeruhiwa kichwani. Alitoka kwa miguu yake. Siku chache baadaye New York ilimpokea kwa shangwe.

Siku 14 baada ya kutua kwake Cape Breton, tarehe 19 Septemba 1936, Tom Campbell Black alikuwa katika uwanja wa Speke, Liverpool, akijiandaa kwa mashindano yale yale ya Johannesburg. Ndege yake ilikuwa bado ardhini ilipogongwa na ndege ya kijeshi iliyokuwa imetua punde. Rafadha ya ndege hiyo ilimfikia pale alipoketi, na majeraha aliyoyapata yalimuua. Alikuwa amepita vitani, Sudan na nusu ya dunia, akafa kabla ya kupaa, kwa kosa ambalo halikuwa lake.

Kurudi Nairobi

Beryl Markham hakuvuka tena bahari kwa ndege namna ile. Alihamia Marekani, akaolewa mara ya tatu na mwandishi Raoul Schumacher, na mwaka 1942 akachapisha kumbukumbu zake. Ubishi juu ya kiasi ambacho mumewe alichangia katika uandishi haujaisha. Kitabu kilisahaulika kwa miaka 40, hadi barua ya Ernest Hemingway iliyokisifu ilipogunduliwa na kikachapishwa upya mwaka 1983.

Wakati huo alikuwa amerudi Kenya zamani, na alikuwa amejijengea jina upya kwa kufundisha farasi, ambao walishinda mashindano makubwa ya nchi mara nyingi. Alizeeka katika nyumba ndogo kando ya uwanja wa mbio za farasi jijini Nairobi, si mbali na uwanja wa Wilson. Mapato ya kitabu yalimsaidia katika miaka yake ya mwisho. Alifariki dunia tarehe 3 Agosti 1986, akiwa na umri wa miaka 83.

Katika kitabu hicho mume wa kwanza, wa pili na hata mtoto hawana nafasi. Tom Campbell Black anayo, na si kwa sababu ya ushindi wa Melbourne. Yumo kama mtu aliyeketi katika ndege inayoanguka, akiwa na uwezo wa kuiokoa, akanyamaza kwa muda aliouhitaji mwanafunzi wake ili aelewe.